Uasili katika Ukarabati wa Nyumba za Mawe za Lamu: Mlango, Chokaa na Boriti

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho ya taifa na urithi, sawa na ile ya mwaka 1983 iliyoitangulia, inautaja mlango waziwazi. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Lipu ya chokaa haikupewa fungu la namna hiyo. Ni kweli kwamba jengo zima laweza kutangazwa kuwa kumbukumbu, na Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hata hivyo, maneno ya sheria yanadokeza jinsi uasili wa nyumba ya kale ulivyozoeleka kufikiriwa: ni kitu kinachoweza kung'olewa, kuthaminiwa, kuuzwa, na pengine kurudishwa mahali pake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba fikra hiyo imeelekeza ukarabati kwenye nakshi, huku vile vinavyoisimamisha nyumba vikibadilishwa bila mjadala mkubwa.

Nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18 ilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe: vipande vilirundikwa juu ya magogo, vikachomwa, kisha vikanyunyiziwa maji na kuachwa vipoe na kulainika kabla ya kutumiwa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndizo zilizoamua umbo la nyumba. Kwa kuwa mti wa mkoko haukuweza kubeba uzito wa mawe na chokaa kwa urefu wowote, upana wa chumba haukuzidi takriban mita 3. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, vikipangwa kimoja nyuma ya kingine: kutoka daka la mlangoni hadi kiwanda, kutoka kiwanda hadi misana, na kutoka misana hadi ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Mkarabati anayeondoa boriti ili apate ukumbi mpana hajabadilisha dari tu. Amefuta kipimo ambacho nyumba nzima ilikatiwa.

Matunzo ya nyumba hizi yalihitaji mikono mingi. Chokaa ilichomwa na kupakwa upya mara kwa mara, na boriti zilizooza zilibadilishwa. Sehemu kubwa ya kazi nzito katika uchumi wa Lamu ilifanywa na watumwa, mashambani upande wa bara na majumbani mjini. Utumwa ulipokomeshwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907, familia nyingi za waungwana zilipoteza mapato ya mashamba pamoja na wafanyakazi. Uchakavu unaoonekana katika nyumba kadhaa za Mkomani hauna budi kusomwa ndani ya historia hiyo, badala ya kutazamwa kama kazi ya mvua na chumvi pekee.

Saruji iliingia katika pengo hilo. Ilipatikana kwa urahisi, ilikauka upesi, na haikuhitaji tanuu wala subira. Madhara yake, kwa upande mwingine, ni ya kimaumbile na yanaeleweka vizuri. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka hewa ya bahari. Lipu ya chokaa huuruhusu unyevu huo kutoka. Lipu ya saruji huufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, lipu hupasuka na kubanduka ikiwa imeshikilia uso wa jiwe, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani hubaki na maji hadi vikaoza. Zege lenye nondo halitoi ahueni ya kudumu pia, kwani nondo hupata kutu katika hewa hiyo hiyo. Ukuta uliotomewa kwa saruji huonekana imara kuliko wa jirani yake kwa miaka kadhaa, na hapo ndipo hatari ilipo: mwenye nyumba huamini kwamba ameiokoa.

Uzito wa suala hili kwa majengo ya matumbawe ya pwani ulidhihirika Unguja tarehe 25 Desemba 2020. Siku hiyo sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa kazi ya ukarabati na kuua watu wawili. Jengo hilo lilikuwa na nguzo za chuma na lina historia yake. Halipaswi kulinganishwa moja kwa moja na nyumba ya Lamu.

Zidaka zinaeleza upande mwingine wa tatizo. Katika nyumba za kale, safu hizi za vishubaka vya lipu iliyonakshiwa zilikuwa hasa katika ndani, mahali palipohusishwa na harusi, uzazi na kumwandaa maiti. Linda Donley-Reid amezisoma pamoja na vyombo vya kauri vilivyowekwa humo kama sehemu ya kinga dhidi ya uchafu wa kiibada na madhara yasiyoonekana. Leo, katika nyumba zilizogeuzwa kuwa za wageni, zidaka mpya hujengwa sebuleni na hata kando ya ngazi. Fundi anaweza kuwa hodari na nakshi zikawa safi kabisa, lakini kilichorejeshwa ni umbo lililotolewa katika mahali pake. Kuziita asilia ni kulegeza neno kupita kiasi.

Upungufu mkubwa zaidi uko ghorofa ya chini. Pale familia ilipoishi juu, vyumba vya chini vilikuwa vya bidhaa na vya watumwa. Havina zidaka, kuta zake ni tupu, mwanga ni haba, na milango yake haikuchongwa kwa namna inayomvutia mnunuzi. Mkarabati anayetafuta vitu vya kale vya kurejesha havioni humo, na ni rahisi kwake kuubomoa ukuta wa kati ili apate jiko au duka. Kwa mwanahistoria, ukuta huo mtupu ni miongoni mwa ushahidi mchache wa maisha ya watu ambao hawakuacha maandishi, na ambao yaelekea mikono yao ndiyo iliyochoma chokaa ya zidaka za juu.