Chunjua na mkazo wa uoksidishaji

Chunjua ni kinundu kigumu cha ngozi kinacholetwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 1, 2, 4, 27 na 57. Virusi hupenya penye mchubuko hadi tabaka la chini la ngozi. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako mvua hukatika takriban Mei na kurejea mwishoni mwa mwaka, ngozi hukauka, na magaga ya miguuni ni mlango mmojawapo.

Mkazo wa uoksidishaji ni hali ya molekuli tendaji za oksijeni kuzidi uwezo wa seli wa kuzidhibiti. Utafiti wa Uturuki uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta damu ya wenye chunjua ina malondialdehaidi nyingi, yaani masalia ya mafuta ya seli yaliyooksidishwa. Kipimo hicho hakisemi kipi kilitangulia, mkazo au chunjua. Jambo zito zaidi lilionekana kwa HPV ya 16, ambayo si ya chunjua za mikono: gamba la kirusi hukomazwa na vifungo vya salfa, na vifungo hivyo hujengeka vizuri katika tabaka za juu za ngozi, zenye uoksidishaji mwingi. Kwa hiyo uoksidishaji si madhara tu ya maambukizi. Kirusi nacho huutumia.

Hapo ndipo wazo la kutibu chunjua kwa vyakula au vidonge vya kuzuia uoksidishaji linapokosa nguvu. Zabibu za Dodoma ni lishe njema, wala si dawa ya chunjua. Zinki, ambayo ni sehemu ya kimeng'enya kinachopoza oksijeni tendaji, imejaribiwa kwa matokeo yanayopingana. Tena kuna tiba ya mwanga ambayo huua chunjua kwa kuzalisha hiyo hiyo oksijeni tendaji.

Utomvu wa mnyaa, mmea wa ua katika vijiji vingi, hupakwa chunjua. Una esta za foboli, ambazo huchochea seli za kinga kumwaga oksijeni tendaji, na huunguza ngozi. Ukiingia machoni unaweza kupofusha. Usipakwe.

Kwa watoto, theluthi mbili hivi ya chunjua hupona zenyewe ndani ya miaka miwili. Zinazosumbua hutibiwa kwa asidi ya salisiliki au kwa kugandishwa. Mtu mzima anayetokwa na chunjua nyingi ghafla aende hospitali, na apime VVU.