Forodha ya Kilwa na Jina la Rangi

Aghalabu tunapozungumzia utamaduni wa mavazi ya Mwambao tunataja nguo yenyewe: kaniki, kikoi, kanga. Ni mara chache tunapouliza rangi ya nguo hizo iliingia kwa mlango gani, na pale mlangoni iliitwa kwa jina gani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jina ambalo forodha hukipa kitu husaidia kuamua ni nani atakayekifanyia kazi, na ni nani atakayebaki kuwa mnunuzi tu. Historia ya Kilwa na pwani ya Lindi inatupa ushahidi wa kutosha.

Wareno waliuteka mji wa Kilwa Kisiwani mwaka 1505. Mwaka uliofuata, Diogo de Alcáçova alimwandikia mfalme wake barua akieleza ushuru uliokuwa ukitozwa hapo. Mfanyabiashara aliyeingiza nguo alitoa mithkali 1 ya dhahabu, yaani uzito wa gramu 4 na ushei, kwa kila nguo 500, ziwe bora au hafifu. Kisha Sultani alichukua theluthi mbili za bidhaa. Theluthi iliyosalia ikakadiriwa thamani yake na kutozwa mithkali 30 kwa kila 1,000. Tuangalie vema kiingilio kile cha kwanza: kilihesabu nguo kwa idadi tu. Nguo nyeupe na nguo ya buluu zilikuwa kitu kimoja.

Lakini kwa mfumaji hazikuwa kitu kimoja. Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliandika katika karne hiyo ya 16 habari za Sofala, bandari ya dhahabu iliyokuwa imetawaliwa na Kilwa. Wenyeji wa huko walilima pamba na kufuma nguo nyeupe. Kwa kuwa hawakuwa na rangi, au hawakujua kuitia, walinunua nguo za buluu kutoka Khambhat katika India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao. Katika hesabu ya forodha kitambaa kile kilikuwa nguo iliyokamilika. Mikononi mwa mfumaji kilikuwa malighafi. Ili apate nyuzi za buluu, ilimbidi agharimie nguo nzima. Hata Kilwa Kisiwani kwenyewe, uchimbuzi ulioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulifukua vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa, vya kusokotea uzi. Mafundi walikuwapo, basi.

Katika karne ya 19 hesabu ya idadi iliacha nafasi kwa hesabu ya thamani. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa, na mkataba wa Uingereza wa mwaka 1839 ukafuata kiwango hicho hicho. Mkataba huo wa pili uliwazuia Waingereza kununua pembe na sandarusi katika Mrima, kutoka pande za Tanga hadi Kilwa. Merikani nyeupe na kaniki iliyokwisha kutiwa nili zililipa sehemu ile ile ya thamani yake. Hapakuwa na nafuu yoyote kwa mtu ambaye angetaka kuitia rangi nguo hapa hapa. Wala hatuwezi kuficha kwamba forodha ya Kilwa Kivinje ilitoza watumwa kwa kichwa kama ilivyotoza pembe kwa frasila, mpaka biashara hiyo ya baharini ilipopigwa marufuku mwaka 1873. Jina ovu katika daftari ya ushuru linaweza kumfanya binadamu kuwa bidhaa.

Watu wa pwani walijua kwamba mwenye forodha ndiye mwenye nchi. Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipoanza kushika forodha za Mwambao, upinzani ulizuka, na mwezi Septemba ulifika Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani.

Wakati huo huo rangi yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1856 William Perkin alipata rangi ya zambarau kutokana na anilini, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya kiwandani. Nili hiyo ilitokana na naftalini ya lami ya makaa ya mawe, iliyopitishwa katika hatua kadhaa. Kila hatua ilizaa kemikali ya kati: si lami tena, wala si rangi bado. Mashamba ya nili ya India yakaporomoka. Marere nayo, ule ukoga wa mitini uliokuwa ukisafirishwa kutoka pwani yetu kwa ajili ya rangi, ikapoteza soko.

Leo orodha ya kimataifa ya forodha, iliyoanza kutumika mwaka 1988, hutenganisha hatua hizo. Anilini imo katika sura ya 29, rangi za kemikali katika sura ya 32, na kitambaa cha pamba katika sura ya 52. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005 uliweka viwango 3: 0 kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, kiwango cha asilimia 35 kiliongezwa mwaka 2022. Kanga, kikoi na vitenge viliwekwa tangu mwanzo katika orodha ya bidhaa nyeti, kwa asilimia 50.

Ni dhahiri kwamba ngazi hizi zinajaribu kumpa fundi ile nafasi aliyoikosa mfumaji wa Sofala: kununua rangi bila kununua nguo. Hata hivyo ngazi peke yake haifumi. Ushuru mdogo juu ya kemikali humfaa yule tu mwenye kinu na ujuzi wa kuitumia. Asiyekuwa navyo ataendelea kufumua nguo za wengine. Hatuna budi, basi, kuitazama daftari ya forodha kama sehemu ya historia ya utamaduni wetu, na kuyajua vema majina yaliyoandikwa ndani yake.