Ramli haitaji jina

Wagiriki wa kale walikuwa na neno diabolē. Ndani yake mna kitenzi cha kurusha: mtu anatupa maneno katikati ya watu waliokuwa wakipatana, kisha anakaa kando kutazama. Mrushaji huyo ni diabolos. Wayahudi wa Alexandria walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, walimpa Shetani jina hilo, na wataalamu wengi wa lugha wanaona ndilo lililoingia Uarabuni likawa Iblis, nasi tukapata Ibilisi. Katika sura ya tatu ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo neno hilo limetumika mara tatu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili wameandika “Ibilisi” mara mbili, na ya tatu, pale panapozungumziwa watu wa kawaida, wakaandika “wasingiziaji”.

Socrates aliposhtakiwa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, kwa masimulizi ya Plato, waliomtia hofu zaidi hawakuwa wale waliofika mahakamani. Aliogopa diabolē ya miaka mingi, maneno ambayo wasemaji wake hawawezi kuitwa kizimbani. Akahukumiwa kufa.

Usukumani jambo hili lina jina lake: ramli chonganishi. Mtoto amekufa kwa homa, ng'ombe wamekwisha, baba anakwenda kwa mganga. Mganga mjanja hamtaji mtu. Anasema tu ni mama, jirani, mzee, macho mekundu. Jina atalimalizia mteja mwenyewe, kwa kuwa umbea wa kisimani ulishamtengenezea. Na wekundu wenyewe ni wa moshi: bibi amepika maisha yake yote kwa kuni na samadi kavu, katika nyumba isiyopitisha hewa. Kinachofuata ni wakata mapanga, usiku, kwa malipo.

Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza kuwa kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi walikuwa wanawake, na Usukuma uliongoza. Operesheni Vijiji ya 1974 haikusaidia. Kaya zilizozoea kukaa mbalimbali, kila moja na mashamba yake, zilisogezwa pamoja, na mtu akawa anaona kila gunia linaloingia kwa jirani.

Mwaka 1976 serikali ilianzisha msako kuhusu mauaji hayo Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa waliteswa mahabusu, wengine wakafa. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumgusa mtu kwa mkono wake, lakini Januari 1977 alijiuzulu. Kisa hicho husimuliwa hadi leo kama mfano wa uwajibikaji. Vikongwe ambao vifo vyao vilizaa msako huo ni nadra kusimuliwa.

Sheria ilikuwapo. Ile ya Uchawi, ya 1928, inamwadhibu anayejidai mchawi, na pia anayemtuhumu mwenzake kwa uchawi. Vijijini wengi waliiona kama ngao ya wachawi, maana uchawi hauna kielelezo cha kuweka mbele ya hakimu. Wakaendelea kwenda kwa mganga.

Kisha dhahabu. Tangu mwaka 2007 hivi, kwenye maduara ya wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, maneno yalipata shabaha mpya: kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu. Watu waliuawa, watoto wakiwamo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na kufikia Machi zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa.

Magu, upande wa Mwanza, shirika la Maperece lilikuwa limeanza na jambo dogo zaidi. Lilihimiza majiko sanifu, yasiyokula kuni nyingi wala kujaza moshi ndani, ili macho ya bibi yasiwape watu la kusema.