Sarafu za kale za Mwingereza: Jinsi ya kutambua halisi, zenye kasoro na za bandia

Na Mwandishi Wetu, Musoma

SARAFU zilizotumika enzi za utawala wa Mwingereza bado zimo mikononi mwa familia nyingi mkoani Mara. Kutoka mjini Musoma hadi Bunda na vijiji vya Wilaya ya Butiama, baadhi ya wazee wanazo ndani ya makopo na masanduku, na wachimbaji wadogo na wakulima huziokota wanapochimbua ardhi.

Sambamba na sarafu hizo umeenea uvumi kuwa kila sarafu ya mkoloni ni utajiri. Uvumi huo ndio mtaji wa matapeli wa aina mbili: wanaouza sarafu za bandia kwa bei kubwa, na wanaojifanya wanunuzi kutoka nje ya nchi na kudai kwanza ada ya usajili, vipimo au usafiri. Anayeelewa anachokishika mkononi huweza kujikinga na wote wawili, na mambo manne humwezesha kuelewa: mwaka, herufi, uzito na ukingo.

Zilifikaje Mara

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia eneo hili lilikuwa chini ya Wajerumani, waliokuwa na maboma Shirati na Ikoma. Fedha yao ilikuwa rupia, ambayo kuanzia mwaka 1904 iligawanywa katika heller 100. Kutokana na jina hilo Kiswahili kimepata neno hela.

Upande wa pili wa mpaka Waingereza nao walitumia rupia. Reli yao ilifika Kisumu mwaka 1901, na biashara ya Ziwa Victoria ikaziunganisha bandari za pande zote mbili.

Desemba 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye makao yake London. Mwaka 1920 ilitoa florin, iliyodumu muda mfupi, na mwaka 1921 ikaanza kutoa shilingi yenye picha ya simba mbele ya milima. Fedha hiyo ndiyo iliyolipa mishahara katika migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, pamba ya wakulima wa Bunda na askari wa Keya. Iliendelea kutumika hadi Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi Juni 14, 1966 na kutoa shilingi yenye sura ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama.

Kwa hiyo kuipata sarafu ya Mwingereza mkoani Mara si muujiza. Zilitengenezwa kwa mamilioni ili zitumike kwa wingi, na zilitumika.

Mwaka na herufi

Jambo la kwanza la kuangalia ni mwaka. Shilingi za Mfalme George V na zile za George VI za miaka ya 1937 hadi 1946 zina fedha halisi kwa asilimia 25 tu. Shilingi moja ina uzito wa gramu 7.78, hivyo madini ya fedha yaliyomo hayafiki gramu mbili. Shilingi za mwaka 1948 hadi 1952 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na hazina fedha hata kidogo.

Badiliko jingine la mwaka 1948 linaonekana katika maandishi. Baada ya India kupata uhuru mwaka 1947, cheo cha Kaizari wa India kiliondolewa katika jina la mfalme. Shilingi ya mwaka 1950 yenye herufi za kifupi IND IMP ingekuwa na sababu ya kutiliwa shaka.

Jambo la pili ni herufi ndogo zilizo karibu na mwaka au chini ya picha, ambazo hutaja kiwanda. H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. I ni Bombay na SA ni Pretoria, viwanda vilivyosaidia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sarafu isiyo na herufi kwa kawaida ilitengenezwa London. Tofauti hizo zilikusudiwa, kwa hiyo si makosa, ingawa mkusanyaji hulipa zaidi kwa mwaka na herufi ambazo ni adimu.

Senti za Edward VIII

Hakuna sarafu inayozusha ubishi kama senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo alitawala kuanzia Januari 20 hadi Desemba 11, 1936, kisha akajiuzulu. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa umma, na mwaka 2020 pauni moja ya dhahabu yenye sura hiyo iliuzwa kwa pauni milioni moja.

Habari za namna hiyo ndizo zinazowapa matumaini wenye senti za Afrika Mashariki. Lakini senti hizo zina tundu katikati na hazikuhitaji sura ya mfalme. Jina lake pekee lilitosha. Zilipigwa chapa mapema kwa mamilioni na kusambazwa. Ni kumbukumbu nzuri ya kihistoria, lakini bei yake katika soko la wakusanyaji ni ndogo.

Kasoro ya kiwandani

Kasoro halisi hutokea wakati kipande cha madini kinapokatwa au kugandamizwa na muhuri. Zinazofahamika zaidi ni picha iliyohama kutoka katikati, chapa iliyopigwa mara mbili, ukingo uliomegwa kwa mviringo wakati wa kukata, mstari ulioinuka kutokana na muhuri uliopasuka, na senti ya tundu iliyotoka bila tundu au yenye tundu lililokwenda upande.

Alama ya kasoro ya kweli ni kwamba madini yalitiririka chini ya mashine. Mstari wa muhuri uliopasuka huinuka juu ya uso wa sarafu. Mkwaruzo wa kisu huzama ndani. Herufi zilizopigwa mara mbili huwa na kingo kali kote, wakati herufi zilizogongwa kwa nyundo husambaa na kubonyea. Senti iliyokosa tundu huwa na uso mmoja usiokatika. Ikiwa tundu limezibwa kwa risasi, duara la kiraka huonekana kwa kioo cha kukuzia.

Mfano wa wazi wa sarafu zenye tofauti nyingi ni zile ambazo Wajerumani walizitengeneza katika karakana ya reli mjini Tabora mwaka 1916, baada ya kuzingirwa na kuishiwa fedha. Heller 20 za Tabora zina taji kubwa au dogo, na herufi L zenye ncha iliyopinda au iliyochongoka. Tofauti hizo zimeorodheshwa na wataalamu kwa sababu mihuri ilikuwa mingi na ilichongwa kwa mkono. Sarafu iliyopindwa, kuchomwa moto au kugongwa baada ya kutoka kiwandani haina nafasi katika orodha hizo. Imeharibika tu.

Dalili za bandia

Bandia nyingi hutengenezwa kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu. Uso wake huwa na vishimo vidogo, herufi zake huwa butu, na ukingo wake huweza kuonesha mshono. Shilingi halisi ina meno yaliyopangika sawasawa kuzunguka ukingo wote.

Uzito ni shahidi mgumu kumdanganya. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu, iliyopo Musoma na katika maeneo ya migodi, hupima hadi sehemu ndogo ya gramu. Shilingi iliyochakaa hupungua kidogo; inayopishana na gramu 7.78 kwa gramu moja nzima ina walakini. Florin ya mwaka 1920 ina gramu 11.66. Pauni ya dhahabu ina gramu 7.98 na upana wa milimita 22, na bandia yenye upana huo huwa nyepesi au nene kupita kiasi, kwa kuwa madini mengi ya bei nafuu hayana uzito wa dhahabu.

Sumaku pia husaidia. Shilingi na senti za Bodi hazikutengenezwa kwa chuma, hivyo ikinasa, sarafu hiyo si halisi. Kutonasa peke yake hakuthibitishi kitu, kwani shaba nyeupe na risasi nazo hazinasi.

Zipo pia sarafu zinazojishitaki zenyewe. Bodi haikuwahi kutoa shilingi yenye sura ya Malkia Elizabeth II. Sura yake ipo kwenye sumni, yaani senti 50. Haikutoa shilingi ya dhahabu. Vipande vyenye jina la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki pamoja na sanamu za miungu ya Kihindu, vinavyodaiwa kuwa na nguvu za kuvuta mchele, havikutolewa na kampuni hiyo. Madai ya zebaki au nguvu za ajabu ndani ya sarafu ni ishara ya kutosha ya utapeli.

Kabla ya kuuza

Kosa linalogharimu wengi ni kuisugua sarafu kwa mchanga, majivu au limau ili ing'ae. Mkusanyaji huuthamini utando wa asili, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Inatosha kuishika kwa ukingo na kuihifadhi katika karatasi kavu.

Mwenye sarafu anashauriwa kuandika mwaka, herufi, uzito na mahali ilipopatikana, na kupiga picha pande zote mbili pamoja na ukingo. Mnunuzi wa kweli huomba picha hizo. Tapeli huomba fedha.

Wanaochimba kwenye maboma na makaburi kutafuta rupia nao wanapaswa kuikumbuka Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotaka kibali kwa anayefukua mabaki ya kale. Wakazi wa Mara wanayo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, ambako wanaweza kuuliza kabla ya kuuza au kutupa kitu cha kale.

Sarafu nyingi zilizo katika makopo ya wazee hazitajenga nyumba. Hata hivyo, shilingi aliyolipwa babu Buhemba au kwa pamba ya Bunda, ikiandikwa ilikotoka, ina historia ambayo haiwezi kughushiwa kwa kalibu.