Neno la Babu

Babu yangu mzaa baba alikuwa na hadithi aliyoirudia kila masika, maji yalipojaa bondeni na sisi watoto tukaanza kuelesha vipande vya kibuyu. Alisema baba yake aliwahi kukokota mashua ya Mzungu kutoka pwani hadi Ujiji. Mnamo mwaka 1971, nikiwa mwanachuo wa ualimu niliyerudi likizo, nilimsahihisha mbele ya wageni: “Babu, wapagazi hawakukokota, walibeba.” Akanitazama, akaendelea na ugoro wake. Hakuisimulia tena habari hiyo mbele yangu mpaka alipofariki.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kwanza habari ya vyombo, kwani neno hilo la babu halieleweki bila hivyo.

Katika misitu yetu ya miombo chombo chepesi kuliko vyote kilitokana na gome. Hata leo warina asali wa Tabora huchuna gome la mti kwa duara zima na kufanya mzinga, na wazee walijua kulishona na kufanya vilindo vya nafaka. Mtumbwi wa gome ni ndugu wa mzinga huo. Hutengenezwa upesi, huvusha mtu mtoni, na haudumu. Tena mti uliochunwa hivyo hufa, jambo ambalo vijana wa siku hizi wangelitafakari.

Ujiji gome halikufaa, kwa sababu Ziwa Tanganyika lina mawimbi kama bahari. Huko walitumia mti mmoja mzima, hasa mvule mikubwa ya Ugoma, ng’ambo ya magharibi. Gogo lilichongwa kwa shoka na tezo likabaki ganda. Sifa yake kubwa ni kwamba halina kiungo: hapana ubao wa kuachana na mwenzake, hapana msumari wa kuota kutu. Ila upana wake hauwezi kupita upana wa mti, ubavu wake ni mfupi, na dhoruba ikivuma maji huingia. Ndiyo maana wapiga kasia wa Ujiji walipenda kuambaa na pwani, na wageni wakawaita waoga. Mimi nawaita watu waliokijua chombo chao.

Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora yetu hii, Novemba 1857, mashua yao ya chuma iitwayo Louisa haikuwa nao. Ilibaki nyuma, haikufika bara. Basi mwaka 1858 Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi wa gogo hadi kisiwa cha Kasenge kuomba jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, akarudi mikono mitupu.

Stanley alijifunza kwa makosa ya wenzake. Lady Alice, mashua yake ya mbao nyembamba za mseda, ilijengwa Uingereza kwa vipande vya kuunganishwa. Vilipofika Unguja vikaonekana vizito mno kwa njia za porini, ikabidi fundi avipunguze. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote: mjenzi wa Ulaya alifuata kipimo cha maji, lakini njia ya misafara ilikuwa na kipimo chake, nacho ni bega la mtu, yaani ratili sitini au sabini kwa mpagazi wa kawaida. Mwaka 1876 Lady Alice ilizunguka Tanganyika kwa siku 51, ikifuatana na mtumbwi wa gogo ulioazimwa Ujiji. Nilifundisha habari za Lady Alice miaka mingi, na za mtumbwi ule sikufundisha hata siku moja.

Reli ndiyo iliyovunja kipimo cha bega. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ilifunguliwa ikatiwa katika makasha kama 5,000, ikaletwa kwa treni na kuungwa upya Kigoma kwa ribiti. Ilishushwa majini Februari 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba.

Nilikuwa nimestaafu nilipokutana na habari za mashua nyingine, ndogo, ambayo vitabu vyetu vya shule viliiruka. Iliitwa Morning Star, ya wamisionari wa London Missionary Society, mashua ya chuma cha pua iliyokatwa vipande. Baharia Edward Hore aliileta kutoka Saadani hadi Ujiji, ikafika mwanzoni mwa mwaka 1883. Vipande havikuwekwa mabegani. Viliwekwa juu ya vigari vya magurudumu, na watu wakavikokota kupita porini, mbugani na mitoni, zaidi ya maili 800.

Nilisoma ukurasa ule mara mbili, nikakifunga kitabu, nikatoka nje.

Siwezi kuapa kwamba baba wa babu alikuwamo katika msafara ule. Majina ya watu waliovuta kamba sikuyakuta. Lakini kaka yangu mkubwa, ambaye hakupita darasa la nne, nilipomsimulia alicheka. “Babu alikuwa anatuonyesha kabisa,” alisema. “Alikuwa anajifunga kamba kifuani, anainama mbele, anavuta. Wewe ulikuwa shuleni.”