Fomani, chipu na mapepo

Nimepotea wiki mbili, testi zilinibana kweli. Sasa kwenye kozi yetu ya historia ya viwanda nimeangukia mada ya semina iliyowachekesha wenzangu: jinsi mafomani, wale wasimamizi wanaokaa sakafuni na wafanyakazi, walivyofundishwa kazi kwenye viwanda vya semikondakta. Wacheke tu. Mimi nimekesha nayo siku tatu.

Stori inaanzia mbali na chipu. Marekani, 1940: Ulaya vita imeshapamba moto, viwanda vinapokea oda za silaha, mafundi wazoefu hawatoshi. Serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Training Within Industry, kwa kifupi TWI. Ujanja wao ulikuwa huu: usihangaike kumfundisha kila mfanyakazi, mfundishe fomani namna ya kufundisha. Saa 10 tu, vipindi vitano vya saa mbili mbili, kikundi kidogo cha watu kama 10.

Kilichonivutia zaidi ni somo la fundo. Kuna fundo ambalo mafundi umeme walilifunga kwenye waya wa taa. Mwalimu anamwita fomani mmoja mbele na kumweleza kwa mdomo tu jinsi ya kulifunga. Anashindwa. Anamwita wa pili, anamfungia fundo bila kusema neno. Naye anashindwa. Hapo ndipo anaonesha njia yenyewe kwa hatua nne: mwandae mtu, mwoneshe kazi huku ukieleza kidogo kidogo na kwa nini, mwache afanye mwenyewe huku anakueleza, kisha mwachie kazi lakini umpitie. Hatua hizo zilitoka kwa Charles Allen, aliyefundishia mafundi wa meli wakati wa vita ya kwanza. (Kuna wahadhiri wanaishia kwenye yule fomani wa kwanza, sitaji mtu.) Hadi mpango unafungwa 1945 vyeti zaidi ya milioni 1.5 vilikuwa vimetolewa, katika viwanda zaidi ya 16,000.

Vita ilipoisha Wamarekani wakaanza kuusahau. Walioudaka ni Wajapani, na waliowapelekea ni Wamarekani haohao waliokuwa wakiitawala Japani baada ya vita. Mwaka 1949 na 1950 wahandisi wawili, Homer Sarasohn na Charles Protzman, waliwafundisha pia wakubwa wa viwanda vya vifaa vya mawasiliano jinsi ya kuendesha kiwanda, na baadhi ya kampuni hizo ndizo zilizokuja kuwa vigogo wa chipu. Kufikia 1962 Japani ilikuwa na jarida la udhibiti wa ubora lililoandikwa kwa ajili ya mafomani, wakalisoma pamoja na vijana wao.

Bili ikaja Machi 1980. Richard Anderson wa Hewlett-Packard alisimama Washington akasema wamepima chipu za kumbukumbu za 16K kutoka kampuni tatu za Japani na tatu za Marekani. Kampuni bora ya Marekani ilikuwa nyuma ya ile dhaifu ya Japani. Sisemi ni mafomani peke yao, mashine na mitaji vilichangia. Lakini kiwanda cha chipu hakimhurumii mtu: hatua ni mamia, na chembe ya vumbi inatosha kuharibu chipu. Makosa ya namna hiyo mkurugenzi hayaoni akiwa ofisini.

Sasa tugeuze shilingi. Kazi ya kuunganisha chipu ilipelekwa Asia kutafuta mishahara midogo. Fairchild walianza Hong Kong 1963, Intel wakafungua Penang, Malaysia, 1972. Walioajiriwa wengi ni wasichana wa vijijini, kutwa nzima jicho kwenye hadubini, wakiunganisha waya mwembamba kuliko unywele. Juu yao fomani, mara nyingi mwanaume. Aihwa Ong, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Penang, aliandika kitabu juu yao mwaka 1987. Wanamwambia kwamba hata kwenda msalani au chumba cha sala fomani anakuhoji.

Halafu mapepo yakaingia. Mwaka 1975 waendesha mashine 40 wa kiwanda kimoja cha Kimarekani huko Sungai Way walipandisha mashetani. Mwaka 1978 wakawa kama 120, wote wa sehemu ya hadubini. Kiwanda kikafungwa siku tatu, akaitwa mganga, akachinja mbuzi palepale. Waliosoma sekondari za wasichana za bweni sina haja ya kuwaelezea zaidi.

Menejimenti iliita ugonjwa wa akili wa kundi. Kwingine waliokuwa wakipandisha mara kwa mara walifukuzwa, eti kwa usalama. Ong anaona ni namna ya kusema yale ambayo msichana hawezi kumwambia fomani usoni, nami naegemea kwake. Kinachonikera ni kwamba dawa ilikuwepo: TWI ilikuwa na kozi nzima ya mahusiano kazini, ikimwambia fomani pata ukweli wote kwanza, zungumza na mhusika, ndipo uamue. Hiyo iliandikwa miaka ya 1940, na Wamarekani wenyewe! Walisafirisha mashine na hadubini hadi Malaysia, ile kadi ndogo ya mfukoni ya fomani wakaiacha nyumbani.

Penang walikuja kufungua kituo chao cha mafunzo, Penang Skills Development Centre, 1989, serikali ya jimbo ikishirikiana na kampuni zenyewe. Hiyo nitaigusa kwenye semina Alhamisi, saa nne. Njooni, na mwenye desa la Ong lililokamilika anistue, langu limekosa sura ya mwisho.