Boa, chatu na sisi: historia fupi ya watu waliofuga nyoka mkubwa

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi watu wa bonde la Ruzizi hatungoji hata kuumwa. Tukiona alama ya tumbo la nyoka kwenye vumbi, tunaita vijana na mapanga yao.

Ndivyo ilivyokuwa hapa Luberizi msimu mmoja wa kuvuna mpunga. Wavunaji walikuta nyoka mkubwa amejikunja kando ya mfereji, akauawa, akaburutwa hadi barabarani ili kila mtu amwone. Jioni alitufikia kijana mmoja tuliyemfundisha zamani, uso umemshuka. Akasema: "Mwalimu, ile boa mbona mmeiacha iuawe? Mimi niko natafuta boa ya kufuga. Kwenye telefone naona Wazungu wanafuga mu nyumba, hata watoto wanaishika. Ya kwanza nichague gani?"

Mzee wa jirani, aliyekuwa ameketi nasi, hakutupa nafasi ya kujibu. Alisema: "Mwanangu, nyoka ya mu nyumba ni ya kutapika feza. Unataka watu wakuchome moto?"

Usiku ule hatukuwa na jibu zuri, si kwa kijana, si kwa mzee. Tukaenda kutafuta katika historia. Haya tunayoandika ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, jina

Hapa kwetu kila nyoka mkubwa anaitwa boa. Neno hili tumelipata katika Kifaransa cha wakoloni na cha masomo. Linatoka mbali, katika Kilatini. Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, alilitumia kumpa jina nyoka mmoja wa Amerika, Boa constrictor. Wazungu walipofika Afrika na kuona nyoka anayeua kwa kukaza, wengi walimwita vilevile, na sisi tukafuata.

Lakini yule wa mpungani si boa. Ni chatu, na wataalamu wanamwita Python sebae. Majirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi, Burundi, wanamwita isato. Waganda wanasema ttimba, na Wajaluo wa Kenya ng'ielo. Wote wawili, boa na chatu, hawana sumu. Wanashika kwa meno yaliyopinda kuelekea nyuma, kisha wanamzungushia mnyama mwili na kumkaza mpaka damu isitembee tena. Tofauti yao iko kwenye uzazi. Boa huzaa watoto walio hai. Chatu hutaga mayai, mara nyingi kadhaa ya makumi, na mama hujizungusha juu yake kuyalinda mpaka yaanguliwe.

Tofauti ya pili ni ukubwa. Boa wanaofugwa sana Ulaya na Marekani hufika kwa kawaida mita 2 au zaidi kidogo. Chatu wetu hufika kwa urahisi mita 3 au 4, na wengine hupita 5. Kwa hiyo kijana anayeangalia video ya boa, halafu akaenda kumtafuta "boa" kwenye mifereji ya Luberizi, atarudi na mnyama mwingine kabisa.

Afrika nayo ina maboa yake. Madagaska wapo. Na kutoka Misri kushuka hadi Kenya na kaskazini ya Tanzania yuko boa wa mchanga, mfupi, mnene, asiyefika mita moja. Anajifukia ardhini na kutoa macho tu. Huyo ndiye wafugaji wengi wa ng'ambo wanamshauri mtu anayeanza, na kwao anajulikana kwa jina la Kenya.

Waliofuga kabla yetu

Wengi tunadhani kufuga nyoka ni tabia ya Wazungu. Sivyo. Katika eneo hili la Maziwa Makuu watu walimfuga chatu, au waliishi naye, kabla ya telefone na kabla ya wakoloni.

Tuanze na Wasukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria. Kwao kuna chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka. Hans Cory, aliyefanya kazi ya kuchunguza mila za Tanganyika wakati wa Waingereza, aliandika juu yao mwaka 1946. Hicho kilikuwa chama cha siri. Mtu hakuamka tu asubuhi akaenda kushika nyoka. Alipokelewa na wakubwa wa chama, akafundishwa miti ya dawa, namna ya kukamata, namna ya kumtibu aliyeumwa. Katika ngoma zao za hadhara chatu ndiye anayezungushwa shingoni na kiunoni mbele ya watu, maana hana sumu. Hata leo, Bujora karibu na Mwanza, mahali padri Mkanada David Clement alipojenga makumbusho ya Wasukuma, wachezaji hucheza na chatu katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa sita, baada ya mavuno.

Twende Buganda. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911, alieleza hekalu la Selwanga, mungu chatu, huko Bulonge katika jimbo la Buddu, kando ya mto Mujuzi. Watu wa ukoo wa Mutima ndio waliokuwa na kazi ya kulitunza. Nyoka alikuwa na nyumba yake na mwanamke wa kumhudumia, akipewa maziwa. Wavuvi walimwomba samaki, na mume na mke wasiopata mtoto walifika kumwomba uzazi.

Mfano wa tatu ni wa karibuni. Nyakach, upande wa Kisumu nchini Kenya, Wajaluo wanamheshimu chatu wanayemwita Omieri. Akitokea, watu husema mvua itanyesha na mavuno yatakuwa mema. Mwaka 1987 chatu aliyeitwa hivyo aliungua katika moto wa nyasi. Alitibiwa, lakini mwishowe alikufa, na nchi nzima ilizungumza habari yake. Mwaka 2003 chatu mwingine akatokea huko akiwa na mayai, watu wakaja kwa wingi kumtazama, na mabishano yakawa makubwa: wazee walitaka aachwe, wengine walisema ni ushirikina tu.

Tukiwaweka pamoja, Wasukuma, Waganda na Wajaluo, tunaona jambo moja. Hakuna mahali ambapo mtu mmoja alimficha chatu chumbani kwake. Palikuwa na chama, au ukoo, au kijiji kizima. Palikuwa na mahali panapojulikana, na mtu anayejulikana mwenye kazi ile. Kabla ya kuchagua nyoka, mtu alichagua mwalimu.

Na sisi je?

Mzee wa jirani hakusema uongo alipotaja feza. Imani ile ipo: tajiri wa ghafla anashukiwa kuwa na nyoka chumbani, anayemtapikia noti usiku, na malipo yake ni roho za ndugu. Wale waliopita Lubumbashi miaka ya 1970 wanakumbuka picha za mamba muntu zilizotundikwa sebuleni: mwanamke mzuri, nusu samaki, na nyoka amemzunguka. Watu walizinunua na kuzitundika, huku wakijua vizuri hadithi yake ya utajiri wenye masharti.

Lakini angalieni tofauti. Nyoka wa Bulonge alikuwa wa wote, na baraka zake ziliombwa mchana. Nyoka wa noti ni wa mtu mmoja, na amefichwa. Kwa maoni yetu, hofu ya wazee wetu inaelekea zaidi kwenye ile siri kuliko kwa mnyama mwenyewe. Hata hivyo mtu asicheze na hofu hiyo. Katika Kivu yetu watu wamekwisha kuuawa kwa neno tu la ulozi, wengi wao akina mama wazee wasio na mtetezi. Kijana akileta nyoka nyumbani kwa siri, anayeweza kulipa ni nyanya yake.

Jibu letu kwa kijana

Alipotutembelea tena tulimweleza hivi.

Tulimwambia kwamba wenye kufuga kwa akili huko ng'ambo wanachagua nyoka mdogo, aliyezaliwa mikononi mwa wafugaji. Wa porini huwa na minyoo na kupe, anakataa kula, anauma kwa woga. Boa anaweza kuishi miaka 20 na zaidi, kwa hiyo mtu anachagua mwenzake wa nusu ya maisha. Anahitaji sanduku lenye kufuli, joto la karibu digrii 30, maji safi, panya mmoja kila baada ya wiki kadhaa, na mganga wa wanyama anayejua nyoka. Joto la bonde letu linatosha, na panya hatujapungukiwa. Hayo mengine hayapo Luberizi.

Tulimwambia pia habari ya Kanada. Mwezi wa 8 mwaka 2013, katika mji wa Campbellton, watoto wawili ndugu waliuawa usingizini na nyoka aliyetoroka katika kizimba chake ndani ya jengo walimolala. Nyoka yule alikuwa wa aina ya chatu wetu, yuleyule wa mpungani. Mwaka mmoja kabla, 2012, Marekani ilikwisha kukataza kumwingiza nchini humo, kwa sababu waliotoroka Florida walikuwa wameanza kuzaliana porini.

Mwishowe kuna sheria. Chatu na boa wote wamo katika mapatano ya CITES juu ya biashara ya wanyama wa porini, ambayo nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, ilijiunga nayo mwaka 1976. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 na ile ya kulinda mazingira ya mwaka 2014 nazo hazimruhusu mtu kuokota mnyama wa porini na kumfanya wa kwake.

Kijana alinyamaza kidogo, akauliza: "Basi Mwalimu, wa kwanza wangu hayuko?" Tukamjibu kwamba yuko, ila anakaa mferejini. Huyo ndiye anayekula panya wanaomaliza mpunga wa mama yake. Amchunguze pale alipo, aandike siku alizomwona, urefu wake, mahali anapotagia. Bayeye walianza kwa kujifunza, na kujifunza hakuhitaji kumfunga mnyama.

Hitimisho

Msimu uliofuata alionekana chatu mwingine karibu na mfereji uleule. Safari hii watu walimwita yule kijana. Alifika mbio, akawaomba warudi nyuma hatua kumi, akawaeleza kwamba hana sumu lakini anauma, na kwamba kuku na mbuzi wafungwe usiku. Mzee wa jirani alikuwepo, panga mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Nyoka aliingia polepole kwenye matete na kupotea. Mzee akasema tu: "Tutaona mavuno."

Ndugu wasomaji, hatutaki watu wa Luberizi wajenge hekalu la chatu, wala wacheze naye ngoma. Kila watu na mila yao. Tunataka tu, kabla ya kumwita boa, tumjue jina lake. Kabla ya kumwita wa ulozi, tukumbuke majirani waliomwita wa mvua na wa uzazi. Na kabla ya kumchagua wa kumfuga, tutafute kwanza mtu wa kutufundisha.